Sanduku Moja, Wenyewe Kumi

Usiku wa kuamkia safari, sebule ya nyumba nyingi za Dar es Salaam hugeuka ghala. Sanduku liko wazi katikati ya zulia, mizani ya bafuni iko pembeni, na msafiri anaipanda kwanza peke yake, kisha anaipanda tena amelikumbatia sanduku kama mtoto mgonjwa, huku mtu mwingine ameinama kusoma mshale. Toa uzito wa mtu, bakisha wa sanduku: kilo 24 na nusu. Anapunguza viatu. Kilo 23 na ushee kidogo. Hapo ndipo simu inapolia. Ni shangazi.

"Mwanangu, nasikia kesho unaondoka. Nina kifurushi cha dada yako, kidogo tu, hakina hata uzito."

Kifurushi kisicho na uzito kinafika saa tano usiku kwa bodaboda. Ndani yake mna dagaa wa Kigoma, chupa ya achari ya maembe iliyofungwa kwa mifuko mitatu, kanga mbili, na bahasha ambayo huulizi ina nini kwa sababu kuuliza ni utovu wa adabu.

Nimesoma ushauri mwingi wa kumtuliza mtu anayeogopa kukabidhi sanduku lake kaunta, na karibu wote unategemea takwimu. Kampuni ya SITA, ambayo mifumo yake ya kompyuta inatumika viwanja vingi vya ndege duniani, hutoa hesabu kila mwaka ya mabegi yaliyochelewa, kuharibika au kupotea. Mwaka 2007 yalikuwa karibu 19 kwa kila abiria 1,000. Mwaka 2023 yalikuwa 6.9. Na mengi kati ya hayo huchelewa tu, kisha hurudi kwa wenyewe. Kwa hiyo, msafiri anaambiwa, tulia: uwezekano wa kuliona sanduku lako likizunguka kwenye mkanda ni zaidi ya 99 kwa 100.

Sibishani na hesabu. Ninachosema ni kwamba inajibu swali ambalo sisi hatujauliza. Hofu ya msafiri wa huku kwetu ni kubwa kuliko takwimu kwa sababu sanduku lake si lake. Amebeba amana za watu. Na mfumo mzima wa usafiri wa anga, kuanzia lebo inayofungwa mpinini hadi mkataba wa kimataifa wa fidia, haumtambui mtu mwingine yeyote isipokuwa yule aliyeandikwa kwenye tiketi.

Kwanza, hata hiyo wastani ya dunia tuitazame vizuri. Mtu wa Oslo anayekwenda Bergen anapanda ndege moja, anatua kabla hajamaliza kahawa. Mtu wa Mwanza anayekwenda Manchester ana ndege tatu: ya kumleta Dar es Salaam, ya kumpeleka Doha, Dubai au Istanbul, na ya kumfikisha. Kila anapobadilisha ndege, sanduku nalo linashushwa, linasomwa, linapangwa na kupakiwa upya na watu wanaokimbizana na saa. Taarifa za SITA zinarudia jambo moja mwaka hadi mwaka: mahali pa kuunganisha ndege ndipo panapovuruga mabegi kuliko sababu nyingine yoyote, karibu nusu ya yote mwaka 2023. Abiria anaweza kukimbia kutoka lango hili hadi lile kwa dakika 40 akafika anahema. Sanduku halina miguu.

Kuna na sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni mwinuko wa ardhi. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, wa Addis Ababa zaidi ya mita 2,300. Hewa ya huko ni nyepesi, na mchana wa jua inazidi kuwa nyepesi, hivyo ndege haiwezi kuruka na uzito uleule ambao ingeruka nao ikiwa Mombasa. Ikibidi kupunguza, abiria mwenye tiketi na mdomo hashushwi kirahisi. Mizigo haina mdomo. Wanaopanda ndege ndogo za kwenda Mafia au Serengeti wanalijua hili waziwazi, maana wanaambiwa mapema: kilo 15, begi laini, na wakati mwingine na wewe mwenyewe upande mizani.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeurusha kwenye toroli hajui kama ndani mna sare za harusi.

Mimi zilikuwa sare za harusi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nakwenda Copenhagen, binti ya kaka yangu anaolewa Jumamosi. Nilifika Alhamisi nimebeba vitenge sita vilivyoshonwa kwa vipimo vilivyotumwa kwa simu, kila kimoja na jina la mvaaji kwenye kikaratasi kilichobanwa kwa pini. Mkanda ulizunguka, watu wakapungua, tukabaki watatu na kigari cha mtoto kisicho na mwenyewe, kisha mkanda ukasimama. Nadhani kila aliyepatwa na hili anaikumbuka ile sauti ya mkanda kusimama kuliko kitu kingine chochote cha siku hiyo.

Kaunta ya mizigo nikajaziwa fomu na kupewa namba ya faili, herufi tano na tarakimu tano: uwanja, shirika la ndege, kisha namba yenyewe. Kijana wa kaunta alikuwa mstaarabu. Akaniuliza sanduku lina rangi gani, lina magurudumu mangapi, ndani mna nini. Nikaanza kutaja. Vitenge sita vya kike. Dagaa. Achari. Kanga. Dawa ya kienyeji ya mgongo ya mzee mmoja. Viatu vya watoto jozi mbili. Akaandika yote, halafu akasita, akauliza kwa upole: vya kwako wewe ni vipi? Nikafikiri. Vya kwangu vilikuwa kanzu, suruali mbili, shati na viatu.

Sanduku lilikuja Jumatatu. Dereva aliyelileta alilishika kwa mkono ulionyooka kabisa, kwa sababu chupa ya achari ilikuwa imepasuka na dagaa walikuwa wamekaa siku nne kwenye joto la uwanja wa ndege wa Ghuba. Shirika lilinirudishia fedha za mswaki, nguo za ndani na shati nililonunua, kwa risiti. Kuhusu sare hapakuwa na la kusema, maana zilifika salama, zikinuka tu, siku mbili baada ya harusi. Shangazi aliponipigia, maneno yake yalikuwa haya: "Kwa hiyo dagaa wangu umewaharibu?" Shirika la ndege halikuwamo kabisa katika sentensi ile.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Safari nyingi za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika Novemba 2003. Kenya na Tanzania zimo. Mkataba wa zamani wa Warsaw, wa mwaka 1929, ulikuwa ukilipa sanduku kwa kilo, kana kwamba kilo ya hariri na kilo ya unga ni kitu kimoja. Montreal ukaacha mizani ukahesabu kichwa: kila abiria na kikomo chake. Kikomo hicho hupitiwa kila baada ya miaka mitano, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya fedha ya hesabu inayotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambavyo ni kama dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo, si malipo ya kila mtu. Unatakiwa kuonyesha ulipoteza nini na kilikuwa na thamani gani.

Angalia neno "abiria". Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya familia ya Uhispania: watu wanne, wakielekea Paris kutoka Barcelona, vitu vyao wamevipanga kwenye masanduku mawili, na masanduku yote mawili yakapotea. Swali likawa: fidia ni ya aliyekabidhi sanduku tu, au ya kila mwenye vitu ndani? Mahakama ikasema kila abiria ambaye vitu vyake vilikuwa ndani ana haki yake, hata kama sanduku lilikabidhiwa kwa jina la mwenzake. Ni uamuzi mzuri, na ninaupenda kwa sababu umekubali kwamba sanduku moja linaweza kuwa na wenyewe wengi. Lakini mlango unafungwa papo hapo: mwenye kitu awe naye amesafiri kwenye ndege hiyo. Shangazi hakusafiri. Dagaa wake kisheria ni wangu, hasara yake ni yangu, na kikomo changu kimoja ndicho kinachotakiwa kuwatosha watu kumi. Miaka miwili kabla ya hapo mahakama hiyohiyo ilikuwa imeshasema kwamba kikomo kinameza kila kitu, hasara ya mali pamoja na hasara ya moyo. Aibu ya kuingia harusini mikono mitupu imo humohumo.

Mkataba una dirisha moja ambalo sijawahi kumwona mtu akilitumia katika kaunta zetu. Unaruhusiwa kutangaza thamani ya mzigo wakati unaukabidhi, ukalipa nyongeza ikidaiwa, na kikomo kikapanda kufikia ulichotangaza. Kwa mtu anayerudi kutoka Guangzhou na sampuli za biashara ya Kariakoo, hilo si jambo la kupuuza. Tatizo ni kwamba ukilitaja, mhudumu huenda akamwita msimamizi, na msimamizi akaita mwingine, na foleni nyuma yako ikaanza kuguna.

Tarehe ndizo zinazowanyima watu haki kuliko kitu kingine. Sanduku likija limevunjika, una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kabisa kwa siku 21, unaweza kulidai kama lililopotea, na mahakamani una miaka 2. Najua watu waliotoka uwanjani bila kuripoti kwa sababu ndugu walikuwa wanawasubiri nje na gari linalipiwa maegesho. Na masharti ya mashirika mengi yanasema wazi kwamba fedha, vito, kompyuta na nyaraka havitakiwi kwenye sanduku la chini. Ile bahasha ya shangazi, kwa hiyo, haipo. Haijawahi kuwepo.

Hadi hapa nimezungumzia kupotea. Kuna hofu ya pili, ambayo wengi hawaisemi kwa sauti: si kupotea kwa kitu kilichokuwemo bali kuonekana kwa kitu ambacho hakikuwemo.

Lile swali la kaunta, "Umepanga mizigo yako mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umbebee?", lina historia ya damu. Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India iliripuka juu ya Atlantiki karibu na Ireland, watu 329 wakafa, kwa bomu lililokuwa ndani ya sanduku lililopakiwa Vancouver na mtu ambaye mwenyewe hakupanda. Aprili 1986, pale Heathrow, walinzi wa shirika la ndege la Israeli walikuta bomu kwenye begi la mwanamke mjamzito. Begi alikuwa amepewa na mchumba wake, na mwanamke mwenyewe hakujua lolote. Tarehe 21 Desemba 1988 ikawa Lockerbie, Scotland, ndege ya Pan Am ikalipuliwa angani: watu 270, sanduku lisilo na abiria wake tena. Tangu miaka hiyo usalama wa anga umeshikilia kanuni moja: sanduku na mwenyewe wasafiri pamoja, na abiria asipotokea langoni, sanduku lake litafutwe na kushushwa hata kama ndege itachelewa saa nzima. Kituko ni kwamba sanduku ambalo shirika lenyewe limelisahau huruka peke yake kesho yake bila shida, kwa kuwa aliyewatenganisha si abiria. Sanduku langu lilisafiri hivyo.

Mwanamke yule wa Heathrow ndiye ninayemfikiria kila ninapoulizwa swali lile. Alipewa na mtu wa karibu kuliko shangazi yangu. Jibu la kweli la abiria wengi wa ndege zinazoondoka Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe ni: ndiyo, nimepewa na watu saba, viwili sijavifungua. Jibu tunalotoa ni: hapana. Tunalitoa tukitabasamu, tukijua tunadanganya, na mhudumu naye anajua, kwa sababu mama yake pia hutuma vifurushi.

Na wala hauhitaji kupewa chochote ili ukutwe na kitu. Desemba 2018 mwanafunzi wa Nigeria aliyekwenda umra na mama yake alikamatwa Saudi Arabia, nchi ambako dawa za kulevya zinaweza kumpeleka mtu kwenye upanga, kwa sababu ya begi lenye lebo ya jina lake ambalo hakulijua. Lilikuwa limebandikwa lebo hiyo katika uwanja wa Kano. Alikaa ndani hadi mwisho wa Aprili 2019. Machi 2023 wanawake wawili wa Brazil walifungwa Frankfurt siku 38 baada ya lebo za masanduku yao kuhamishiwa kwenye masanduku ya kokeini katika uwanja wa Guarulhos, São Paulo. Waliokolewa na picha za kamera za uwanja. Kwa mashine na kwa polisi, mwenye sanduku ni lebo. Ukitoka kaunta na kile kipande kidogo kilichobandikwa nyuma ya bodingi pasi, umebeba hati ya umiliki wa kitu usichokiona tena, na uzito wake umeandikwa humo. Wengi hukitupa kwenye kiti cha ndege pamoja na karatasi ya peremende.

Je, teknolojia imetusaidia? Kwa kiasi. Tangu Juni 2018 mashirika wanachama wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yanatakiwa kulifuatilia kila begi katika vituo vinne: linapopokewa, linapopakiwa, linapokabidhiwa ndege nyingine na linaporudishwa kwa mwenyewe. Tangu mwaka 2021 kuna vile vitufe vya AirTag vinavyoionyesha simu yako sanduku liliko, na tangu mwishoni mwa 2024 mwenye kitufe anaweza kulitumia shirika kiungo cha kuonyesha kilipo. Lakini sioni kama hofu imepungua, imebadilika sura. Zamani ulijua sanduku halipo baada ya mkanda kusimama. Siku hizi uko kwenye kiti cha ndege, umeshafunga mkanda, na simu inakuonyesha sanduku limelala kwenye jengo unaloliacha. Kufuli nazo ni za kufarijiana: zile zenye alama ya TSA, wakala wa usalama wa usafiri wa Marekani, zina funguo kuu ambazo picha zake zilichapishwa gazetini Marekani mwaka 2014, na mwaka uliofuata watu wakawa wanazitengeneza kwa mashine ya kuchapa vitu. Kuzungushia nailoni kunasaidia kidogo zaidi, nadhani, kwa sababu mwizi ni mvivu.

Wasomaji wataniuliza kwa nini basi tusiache kubebeana. Wapo wanaosema hivyo, hasa vijana waliokaa Ulaya muda mrefu: anayetaka dagaa alipie kampuni ya vifurushi. Wamewahi kuuliza bei ya kilo mbili hadi Copenhagen? Na si bei tu. Sanduku la msafiri ndilo posta ambayo haikuwahi kufika mitaani kwetu, na aliyebebewa leo ndiye atakayebeba kesho. Wasaudi wamelielewa hilo katika jambo moja: maji ya zamzam, ambayo kila hujaji anajua atawagawia majirani, wameyapa boksi lake la lita 5 linalokabidhiwa peke yake, na ni marufuku kuyachomeka ndani ya sanduku. Mzigo wa amana umepata jina na mahali pake. Kwingine kote tunaufichaficha chini ya suruali.

Mimi sikuacha kubeba. Nilichoacha ni adabu ya kutouliza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mashirika ya ndege yana daftari lao linalosoma lebo mara nne. Nikaona na mimi niwe na langu. Kila kifurushi kinachoingia kwangu kinafunguliwa mbele ya aliyekileta, kinapimwa kwa mizani ya jikoni, kinapigwa picha, kinaandikwa: nani ametuma, kwa nani, kina nini, gramu ngapi, thamani anayoitaja mwenyewe kwa mdomo wake. Bahasha sipokei, natuma kwa simu. Nyama na samli kwenda Ulaya sipokei, zitakamatwa forodhani. Dagaa nawapokea, maana samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 na sijaona shangazi aliyefika huko. Dawa zisizo kwenye pakiti yake sipokei, hata kama ni za mgongo. Lebo za safari ya zamani nazibandua zote, kwa kuwa mashine inaweza kusoma isiyo yake. Nakala moja ya orodha inakaa juu kabisa ndani ya sanduku pamoja na namba yangu ya simu, nyingine iko mfukoni, na sare za harusi zinapanda na mimi juu, kwenye begi la mkononi, zimekunjwa mpaka zinafanana na mto.

Mara ya kwanza shangazi hakupendezwa. Alisimama mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, akanitazama nikimwaga karanga zake kwenye sahani ya mizani.

"Siku hizi unanipekua kama polisi," akasema. Kisha akavaa miwani, akainama juu ya daftari, akapitisha kidole hadi kwenye mstari wa jirani yake wa Magomeni. "Huyu mbona yeye umemwandikia kilo moja na nusu?"